Dokta, mbona safari hii nimenyimwa vitamini A?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mwanangu wa kwanza nilimzaa 2009, nakumbuka kabla sijatoka wodini nesi alinipa kidonge cha vitamini A nikameza palepale. Huyu wa pili sasa ana miezi saba na mimi sikupewa kitu, kuuliza naambiwa "siku hizi hatutoi". Mama mkwe anasema wameviuza, kanitafutia vile vyekundu kwa mtu anayemjua, eti nimeze maziwa yawe na nguvu. Nimeze? Na mtoto je?
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Hongera Mama Wawili, na mama mkwe mpe shikamoo yangu ila hapa hajapatia. Hujanyimwa. Zamani mama akijifungua alikuwa anapewa kweli, halafu 2011 Shirika la Afya Duniani likasema basi, maana tafiti zilionyesha haipunguzi vifo vya mama wala vya kichanga. Hivyo alivyovipata "kwa mtu" ndo vya kuulizia vimetokea wapi.

Usimeze. Chekundu ni yuniti 200,000, dozi ya mtoto wa mwaka mmoja mpaka wa chini ya mitano, na wewe na miezi yako saba tangu ujifungue unaweza ukawa umeshashika mimba nyingine hujui, dozi kubwa namna hiyo inaweza kumletea ulemavu aliye tumboni.

Mwenye haki ya matone ni huyo mtoto. Miezi 6 hadi 11 ni cha bluu, yuniti 100,000, nesi anakata ncha kwa mkasi anamkamulia mdomoni, basi. Angalia kadi ya kliniki kama kashapata, kama bado mpeleke, kampeni zetu ni Juni na Desemba, akifika mwaka anahamia chekundu na dawa ya minyoo juu.

Wewe kula matembele, mchicha, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, papai, na siku moja moja maini ukiwa na uhakika huna mimba. Ila mboga tia mafuta jamani, ile ya kuchemsha na chumvi tupu vitamini yake mwili hauichukui vizuri. Na ukiona giza likiingia unajikwaa kwenye vigoda humohumo ndani kwako wakati wenzio wanaona, hapo huenda vitamini A imekupungukia, nenda kituo cha afya kesho yake asubuhi.