Maswali na Majibu: Baba Asiuze Ploti Bado

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaotaka kupanda ndege ya mafunzo kwa mara ya kwanza. Zile za "Kapteni nataka kuwa pilot, nianzie wapi", zisizo na umri, nchi wala kiwango cha elimu, nimeziweka kando. Tuanze.

Shule moja ya urubani hapa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, imenipa bei ya kozi nzima, kuanzia mwanzo hadi leseni ya biashara, ile ya kurusha ndege kwa kulipwa. Nikilipa yote kabla ya mwisho wa mwezi napata punguzo, na somo la kwanza ni bure. Baba yuko tayari kuuza ploti ya Kitengela. Unasemaje? (Msomaji, Rongai)

Nasema baba asiuze chochote bado, na wewe usitie sahihi popote. Punguzo lenye tarehe ya mwisho ni mbinu ya kuuza tu. Na aliyekwisha kutoa mamilioni hapewi somo la bure, ameshalilipia.

Utaratibu wangu haubadiliki, hata wenye shule wakininunia. Kwanza nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ukapimwe afya ya daraja la kwanza. Wenye shule watakwambia daraja la pili linatosha kuanzia. Kweli, linatosha kwa leseni ya rubani binafsi. Lakini wewe unatafuta kazi, na leseni ya biashara inadai daraja la kwanza. Kijana asiyetofautisha nyekundu na kijani afadhali alijue hilo kwa ada ya daktari kuliko kwa bei ya ploti.

Pili, lipia somo moja. Moja tu. Wapo wanaoshuka wamelowa jasho na kuapa hawarudi tena, wala si aibu. Wapo pia wanaogundua kwamba walichokipenda siku zote ni yunifomu.

Tatu, nenda shuleni siku ya kazi, saa mbili asubuhi, bila miadi. Hesabu ndege zilizo kwenye tangazo lao, kisha hesabu zinazowashwa injini. Yenye vumbi kwenye kioo na gurudumu lililokosa upepo usiihesabu. Omba kuona cheti cha kuidhinishwa na usome tarehe ya kumalizika kwake. Uliza saa zinahesabiwa tangu injini iwashwe au tangu magurudumu yaache ardhi, maana pale Wilson unaweza kukaa foleni nyuma ya ndege za Mara huku mita ikisoma pesa zako. Uliza kama bei ina mafuta, mkufunzi na ada ya kutua ndani yake. Masharti ya kurudishiwa pesa yapate kwa maandishi.

Wakikupigia hesabu ya leseni binafsi kwa saa 40, elewa kwamba hicho ni kiwango cha chini kabisa cha sheria. Wengi huvuka 50. Leseni ya biashara kwa njia ya kawaida inataka saa 200. Lipa saa tano tano, au kumi kumi, na udai risiti. Nimeona wanafunzi waliolipa kozi nzima wakikaa miezi wakisubiri ndege moja iliyo gereji, na pesa zao ndizo zilizolipia gereji hiyo.

Navaa miwani tangu darasa la sita. Naweza kuwa rubani? (Msomaji, Tanga)

Ndiyo, mradi unaona vizuri ukiwa umeivaa na unabeba ya akiba. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno. Likateni mlibandike ukutani.

Nina zaidi ya saa 600 za kurusha Boeing 737 kwenye kompyuta nyumbani. Mkufunzi anaweza kuniachia nitue siku ya kwanza? (Kijana, Mwanza)

Hapana. Tena hizo saa 600 usizitaje mapema, atakuwekea alama.

Kompyuta si mbaya. Itakuwa imekufundisha majina ya mita na mpangilio wa redio, na hilo litakuokolea muda. Lakini pia imekuzoesha kukodolea macho dashibodi. Somo la kwanza ni la kutazama nje: upeo wa macho uko wapi ukilinganisha na pua ya ndege, bawa la kushoto na la kulia yako sawa au moja limelala. Mkufunzi anayejua kazi yake akikuona umezama kwenye mita atazifunika kwa karatasi.

Halafu miguu. Ndege ikiwa ardhini inaongozwa kwa pedali. Watoto wa kompyuta na madereva wazoefu hukosea pale pale: ndege inaelekea nyasini, mtu anazungusha usukani kwa nguvu zote, na hakuna kinachotokea.

Somo lenyewe linakuwaje? Naogopa kuonekana mjinga. (Dada, Nakuru)

Utaonekana mjinga, dada, na mkufunzi analipwa kwa hilo.

Mtakaa kwanza mezani, akueleze mtakachofanya. Kisha mtatoka nje kukagua ndege, na kwangu mimi somo linaanzia hapo. Wanafunzi wengi husimama pembeni wakijipiga picha wakati mkufunzi anakagua peke yake. Usikubali. Mwambie akupe kile kikombe kidogo cha plastiki angavu. Chini ya bawa kuna vali ndogo. Ukiisukuma juu kwa ncha ya kikombe, mafuta yanatoka. Mafuta ya hizi ndege za pistoni, 100LL, hutiwa rangi ya buluu. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwemo yatakaa chini ya kikombe, yamejitenga kama shanga. Sasa sikiliza: usikitazame kikombe kwa kukiinua juu kuelekea angani. Anga nayo ni buluu, na kikombe kilichojaa maji matupu kitakuonyesha mafuta safi. Kishike mbele ya ubavu mweupe wa ndege, kisha unuse. Ndege ndogo imezimika hewani kwa sababu ya maji kwenye tangi mara nyingi, katika nchi nyingi, na mara nyingi palikuwa na mtu aliyekuwa na haraka asubuhi hiyo.

Propela ipite mbali. Ichukulie kila wakati kwamba inaweza kuzunguka, hata ufunguo ukiuona mezani.

Ndani utakaa kushoto, mkufunzi kulia. Kuna maneno ya Kiingereza ya kukabidhiana usukani, "You have control" na "I have control", na kila upande huyarudia kwa sauti, ili isije ikawa kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayerusha. Yajifunze nyumbani. Mkishafika eneo la mazoezi atakuonyesha kitu kimoja kimoja: kuinua pua na kuishusha, kulaza bawa, kukanyaga pedali. Utaubana usukani mpaka mishipa ya mkono isimame. Kila mtu hufanya hivyo. Dawa ya zamani ni kupitisha penseli katikati ya vidole, juu ya kimoja na chini ya kingine. Ukibana, inauma. Ndege iliyosawazishwa vizuri hujiendea yenyewe, na mkufunzi mzuri atakwambia uachie mikono kabisa ulione hilo kwa macho yako.

Usiende na njaa. Mkate na ndizi saa moja kabla, inatosha. Wanaotapika wengi ni wale waliofunga kula kwa woga.

Mkishashuka, muda uandikwe kwenye daftari lako la saa za kuruka na mkufunzi atie sahihi. Usiondoke uwanjani bila sahihi hiyo. Usiambiwe "tutajaza kesho".

Waliniuliza uzito wangu nikaona haya, nikataja pungufu kwa kilo kumi. Ina neno? (Msomaji, Kisumu)

Ina neno kubwa. Cessna 152, ile ndege ndogo ya mafunzo ya watu wawili, hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 757, na zaidi ya nusu ya hizo ni ndege yenyewe. Ukiweka watu wawili wazima wenye miili na tangi mbili zilizojaa, hesabu inaweza kukataa. Mkufunzi hakuulizi ili akucheke. Anaamua apunguze mafuta kiasi gani, au akubadilishie ndege. Mpigie simu leo umwambie ukweli. Na shule ambayo haikuulizi uzito kabisa, ihame.

Somo langu liliwekwa saa saba mchana. Ndege ilikimbia sana kabla ya kuinuka, ikapanda kwa kujikokota, na mkufunzi hakusema kitu. Ilikuwa mbovu? (Msomaji, Athi River)

Huenda ilikuwa nzima kabisa. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa huwa nyembamba kadiri unavyopanda na kadiri joto linavyozidi. Kwa urefu huo, joto ambalo majedwali ya marubani huliona la kawaida ni nyuzi 4 hivi. Saa saba mchana wa Februari kipimajoto kinaweza kusoma 27. Kila nyuzi ya ziada huongeza takriban futi 120 kwenye hesabu ya urefu, kwa hiyo ndege inajiona iko juu ya futi 8,000 hata magurudumu hayajaacha lami. Injini ya 152 hutoa nguvu za farasi 110 ikiwa usawa wa bahari. Kwenye hewa hiyo nyembamba hupoteza karibu robo. Mabawa na propela navyo vinashika hewa hiyo hiyo pungufu. Ulimwona mkufunzi akivuta nyuma kidogo kile kitufe chekundu kabla ya kuondoka? Alikuwa anapunguza mafuta yaendane na hewa iliyopo.

Anayeanzia Zanzibar, pale karibu na maji, hataonja haya mpaka siku atakapofika Arusha, futi 4,500 na ushei, apakie kama alivyozoea kwao. Hapo ndipo huwa naogopa.

Ninachomlaumu mkufunzi wako ni kukaa kimya. Lile lilikuwa somo zuri kuliko lolote alilokupangia siku hiyo, akaliacha lipite. Na wewe next time omba saa moja au saa mbili asubuhi, hewa ikiwa imetulia. Wageni hupewa mchana kwa sababu asubuhi imechukuliwa na wanaojua kudai.

Rubani analipwa ngapi? (Wengi)

Miaka ya mwanzo, kidogo kuliko mnavyodhani. Mwenye leseni mpya na saa 200 asiye na kazi halipwi chochote, nao ni wengi.

Mwanangu wa miaka 20 anataka kujifunza Wilson. Tangu ile ajali ya Machi 2024 sipati usingizi. Nimkataze? (Mama, Machakos)

Mama, hofu yako ina msingi, na sitakudanganya. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo iligongana angani na Dash 8 ya abiria iliyokuwa inaelekea Diani, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwanafunzi na mkufunzi waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi Wilson ikatua salama.

Uwanja ule unabeba ndege za watalii, za madaktari, za polisi, helikopta, na watoto wanaojifunza, wote kwenye anga moja finyu. Hili tumelisema kwa miaka. Mtu wa miaka 20 humkatazi, mama, atakwenda kimyakimya. Nenda naye shuleni ukamuulize mkufunzi mbele yake: transponda ya ndege hii, kile kifaa kinachowaonyesha waongozaji ndege ilipo, inafanya kazi? Mnafanyia mazoezi wapi, na kwa futi ngapi? Yupo nani wa kutazama nje wakati mwanafunzi ameinamia orodha ya ukaguzi? Kisha muulize swali hili: ndege inayokuja kutugonga inaonekanaje? Jibu sahihi ni kwamba haisogei kwenye kioo. Inakaa pale pale, ikizidi kukua. Ile inayokatiza kioo inapita zake. Mkufunzi akibabaika kwenye hilo, mrudi nyumbani.

Wilson si mwisho wa dunia pia. Kiwanja cha ndege cha Orly kule Kajiado pana msongamano mdogo, na Uganda kuna chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Binti yangu ana miaka 15. Anaweza kuanza? (Baba, Eldoret)

Anaweza kupanda na mkufunzi akaonja. Leseni ya mwanafunzi hapa Kenya ni miaka 16, ya binafsi 17, ya biashara 18. Hiyo miaka iliyobaki mtilie bidii fizikia na Kiingereza cha kuzungumza, si cha kuandikia insha. Redio haimsubiri mtu atafute neno.

Naweza kuweka simu kwenye dashibodi nirekodi somo la kwanza?

Hapana. Simu inachezea dira ya sumaku, inazuia macho, na ikidondoka itaingia kwenye pedali.

Basi mchumba wangu akae nyuma anirekodi? (Msomaji huyo huyo)

Cessna 152 haina kiti cha nyuma. Kama shule ina 172, waulize. Naye aseme uzito wake wa kweli.