Wasioona Katika Mashindano ya Theluji

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha wanafunzi wasioona hapa Kongwa, mkoani Dodoma. Wanauliza mashindano ya kuteleza kwenye theluji kwa watu wenye ulemavu yalianzaje, na kama Mwafrika amewahi kushiriki. – Mwalimu, Kongwa

JIBU: Ndugu Mwalimu, mchezo huu ulikua hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati askari waliopoteza miguu, wengi wao wa Austria, walipojifunza kuteleza kwa mguu mmoja huku wameshika magongo yaliyofungwa vibao vifupi vya kuteleza kwenye ncha zake. Michezo ya kwanza ya Paralimpiki ya majira ya baridi ilifanyika mwaka 1976 huko Örnsköldsvik, Uswidi, ikiwashirikisha waliokatwa viungo na wasioona.

Waambie wanafunzi wako kwamba Mwafrika alikuwapo tangu siku hiyo ya kwanza, naye alikuwa asiyeona: Tofiri Kibuuka wa Uganda, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wasioona waliopanda Mlima Kilimanjaro, hapa hapa kwetu. Jina lake linastahili kufundishwa darasani.

Katika mbio hizi asiyeona hutanguliwa na kiongozi anayemweleza kwa sauti kila kona na mteremko, kwa hiyo mazoezi yao ni ya watu wawili daima. Siku hizi muda wa kila mshindani hurekebishwa kwa kiwango kinachotokana na aina ya ulemavu wake, ndipo mshindi atangazwe.