Huyo "rafiki wa mazingira" ni rafiki wa nani?

SWALI: Mwalimu, ninafasiri ripoti ya Kifaransa inayopima madhara ya betri za magari tangu machimboni hadi zinapotupwa. Niandike "mzunguko wa maisha" au "mzunguko wa uhai"? Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Tathmini ya mzunguko wa maisha inaonyesha kuwa gari la umeme ni bidhaa rafiki wa mazingira." – Mwanafunzi, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Andika maisha. Uhai ni wa chenye pumzi, na betri haina pumzi. Maisha, neno tulilopewa na Kiarabu, limekwisha kupanuka hata linabeba muda wote wa kitu kutumika, na hakuna anayeshtuka kulisikia. Huo mzunguko naukubali kwa shingo upande, maana kinachozunguka hurudi kilikoanzia, na vitu vyetu vingi huishia jalalani. Lakini neno limeshaenea, na hata kiwango cha kimataifa cha tathmini hizi, ISO 14040, kilichotolewa mwaka 1997 na kurekebishwa 2006, kimejengwa juu ya picha hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye lile ambalo hukuuliza. "Bidhaa rafiki wa mazingira"! Nimelichoka neno hili. Limebandikwa kwenye sabuni, kwenye mbabula (majiko ya makaa), kwenye mifuko, kwenye mabango. Mmoja anaandika rafiki wa, mwingine rafiki kwa, wa tatu rafiki za, na hakuna anayejua wingi wake. Rafiki asili yake ni mwenzi wa safari, aliyeshika njia pamoja nawe tangu mwanzo. Wahenga wakaongeza: akufaaye kwa dhiki.

Haya, ifuate betri yako njiani. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, madini yanayotiwa katika betri nyingi za magari, huchimbwa Kongo, katika ukanda wetu huu wa Kolwezi, Fungurume na Likasi. Ardhi inafumuliwa, mawe yanasagwa na kulowekwa katika asidi. Kisha malori. Unayaona mwenyewe yakipanga foleni kuelekea mpakani Kasumbalesa. Yanavuka Zambia hadi bandari ya Durban au Dar es Salaam, na shehena inapanda meli kwenda China, ambako kobalti nyingi husafishwa. Mpaka hapo betri haijaundwa, gari halijatembea hata mita moja. Baadaye mtu wa Ulaya analiona likipita bila moshi, anatamka: rafiki wa mazingira. Mazingira ya nani? Neno lenyewe limetokana na kuzingira, kwa hiyo lazima awepo anayezingirwa. Mto unaopokea maji machafu ya mgodi ni mazingira. Vumbi la lori linalotua kwenye sufuria ya bukari, ugali wetu, ni mazingira. Hao wanaozingirwa na vumbi hilo, urafiki wao na betri ulianza lini?

Sisemi gari la umeme ni baya. Tathmini nyingi zinaonyesha kwamba linaanza na deni kubwa la hewa ya ukaa kwa sababu ya betri, kisha linalilipa barabarani, na hulilipa upesi zaidi likipata umeme wa maporomoko ya maji kuliko wa makaa ya mawe. Hivyo ndivyo tathmini inavyosema: hulinganisha kitu na kitu kwa kazi ileile, na hutaja kiasi. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha mwaka 2011 hesabu ya mifuko: ule wa pamba sharti utumike mara 131 ndipo madhara yake kwa tabianchi yashuke chini ya yale ya mfuko mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja. Sasa mfuko huo tuuite rafiki siku ya kwanza, au siku ya 131? Neno rafiki halina nafasi ya namba, na ripoti unayofasiri imejaa namba.

Lifute. Andika: "Tathmini ya mzunguko wa maisha inaonyesha kuwa gari la umeme, tangu machimboni hadi linapotupwa, hutoa hewa ya ukaa kidogo kuliko gari la petroli kwa kila kilomita," kama ndivyo ripoti inavyosema, na kiasi chenyewe ukitaje. Kisha tazama kama wamepima pia maji na vumbi la huku Katanga. Kama hawakupima, liandike hilo katika sentensi ya pili.