Kila ofisi ilimwona mara moja: jibu kwa dada wa Katuba

Dada, umeuliza kutoka Katuba, Lubumbashi, kwa nini mtoto wa jirani yako, ambaye umemwona akipigwa kwa waya na ambaye wewe mwenyewe umempeleka polisi mara mbili, amerudishwa mara zote mbili katika nyumba ile ile. Wengi waliokujibu wamesema ni rushwa. Rushwa ipo, siikatai, na mimi pia nimeilipa. Lakini nimefundisha shule ya msingi huku Kadutu, Bukavu, kwa miaka 22, na kwa miaka 9 kati ya hiyo nilikuwa katika kamati ya mtaa ya kulinda watoto, ile tunayoiita Rekope, na nimeona watoto wakirudishwa kwa watesi wao na watu ambao hawakula hata faranga moja. Naomba univumilie nikueleze kwa urefu.

Mwaka 2014 nilikuwa na msichana wa miaka 8 katika darasa la pili. Baba yake alikuwa mchimbaji wa dhahabu Kamituga na alirudi nyumbani kila baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo mtoto aliishi na mama wa kambo na wadogo zake wawili. Kulikuwa na mtoto wa tatu, kichanga, akafariki kwa homa. Katika chumba cha maombi alichosali yule mama, mchungaji alisema kwamba kichanga kimeliwa kwa uchawi, na kwamba aliyekila analala ndani ya nyumba. Tangu siku hiyo msichana alianza kuja shuleni na sweta asiyotaka kuivua, hata jua likiwaka. Alisinzia darasani. Siku moja niliwaambia watoto wakae, naye akabaki amesimama, na nilipomuuliza alisema amezoea kusimama.

Nilianza pale ambapo kila mtu huanzia huku, kwa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa. Aliita watu wazima, wakazungumza saa mbili, mama wa kambo akapiga magoti, akaomba msamaha, mambo yakamalizwa kifamilia na vinywaji vikanunuliwa. Simlaumu sana shefu yule, kwa sababu alifanya kile ambacho anakifanya kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja au wa deni, na kwa ugomvi wa namna hiyo kazi yake ni nzuri. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka 8 na mtu anayemtesa si pande mbili za ugomvi. Tena hakuna kilichoandikwa. Shefu alipobadilishwa mwaka uliofuata, yule mpya hakujua lolote.

Miezi mitano baadaye mtoto aliunguzwa mkono kwa pasi ya makaa. Aliyempeleka kwenye kituo cha afya ni mama wa kambo huyo huyo, na muuguzi alimtibu vizuri kabisa, akasafisha kidonda, akakifunga, akampa tarehe ya kurudi. Nilipofika kufuatilia, nilionyeshwa daftari lao. Lilikuwa na tarehe, jinsia, umri, na maneno matatu: kuungua, ajali jikoni. Muuguzi aliandika alichoambiwa na aliyelipa. Alama za zamani mgongoni hazikuandikwa kwa sababu mtoto hakuja kutibiwa mgongo.

Nikaenda kwa polisi wanaoshughulikia watoto na wanawake. Opeje, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, aliyenipokea alikuwa mtu mwema. Hakuwa na karatasi, nikanunua karatasi. Hakuwa na usafiri, nikalipa pikipiki. Akasema anahitaji cheti cha daktari, daktari akasema hatoi cheti bila rekizisio, yaani barua rasmi ya polisi ya kukiomba, nikarudi kuchukua rekizisio, nikakuta aliyetakiwa kuitia sahihi ameondoka. Ilikuwa siku ya tatu tulipoipata, na malengelenge ya mkono yalikuwa yamekwisha kunywea. Mama wa kambo alilala mahabusu siku mbili, kisha baba akaja kutoka Kamituga akauliza nani atawapikia watoto wengine, naye akaachiliwa. Je, opeje alikuwa na habari ya kikao cha shefu? Hakuwa nayo, na hata nilipomsimulia alisema yeye anaandika tukio lililo mbele yake, yaani pasi.

Usidhani ni sheria iliyokosekana. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtelekeza mtoto na kumtendea vibaya, na inataja wazi kumshutumu uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema, katika kifungu cha 160, kwamba anayemshutumu mtoto uchawi atafungwa mwaka 1 hadi 3 na kulipa faini ya faranga 200,000 hadi 1,000,000. Sheria hiyo hiyo inamweka mtoto aliyefukuzwa, aliyeteswa au aliyeitwa mchawi katika kundi la watoto walio katika hali ngumu, wanaostahili ulinzi wa pekee wa Serikali, na ndiyo iliyounda tribinali, yaani mahakama, ya watoto. Nilipoisoma mara ya kwanza katika mafunzo ya Rekope niliifurahia, nikadhani kazi yetu itakuwa kuwaelekeza watu tu.

Kumbe sheria hiyo, ikishafika mitaani, inamgawa mtoto sehemu mbili. Mtu mzima aliyemtesa anafuatiliwa na parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na kuhukumiwa katika tribinali za kawaida. Mtoto mwenyewe, yaani alale wapi na nani amlee, ni shauri la hakimu wa watoto na mtumishi wa jamii wa Divasi, ile idara ya Serikali ya mambo ya jamii. Faili ni mbili, majengo ni mawili, na siku za kusikilizwa hazifanani. Katika shauri la huyu msichana, hakimu wa watoto aliamua arudi nyumbani siku kumi kabla ya parke kumwita mama wa kambo kwa mahojiano. Hakuna kati yao aliyekosea kwa kuangalia faili lake tu. Lakini mtoto alirudi kulala katika nyumba ya mshtakiwa, na ulipofika wakati wa kuulizwa tena aliyemwunguza ni nani, alisema alijiunguza mwenyewe.

Hapo ndipo nilipogundua jambo jingine. Kabla ya siku hiyo mtoto alikuwa amesimulia habari yake mara sita: kwangu, kwa shefu, kwa opeje, kwa daktari, kwa mtumishi wa jamii na kwa hakimu. Kila mara aliulizwa upya tangu mwanzo na mtu asiyesoma alichosema kwa mwenzake. Mara ya tatu alichanganya siku, mara ya tano alisema pasi ilikuwa ya jirani, na siku hiyo akakana kabisa. Mwendesha mashtaka aliyekuwa na faili wakati huo aliniambia kwa upole kwamba mtoto huyu anaonekana kuwa mwongo. Watu wazima wakisimulia jambo lile lile mara sita hawatofautiani? Tena hakuna aliyewatia hofu kati ya simulizi moja na nyingine.

Kabla ya kurudishwa, alikaa miezi miwili katika familia ya mpito, familia moja ya Bagira iliyokuwa imefundishwa kupokea watoto. Huko alianza kucheka, jambo ambalo sikuwahi kulisikia darasani. Halafu Desemba ikafika, mradi uliokuwa ukisaidia familia hizo kwa unga na mafuta ukafungwa, na ghafla ripoti ya kijamii ikawa tayari: ukurasa mmoja, unasema familia imeandaliwa kumpokea mtoto. Waliohojiwa ni mama wa kambo, mchungaji na shefu mpya. Mtumishi wa jamii aliyeiandika alikuwa na komini nzima, mitaa yake yote, na hakuwa na pikipiki. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Ila nilipomuuliza nani atamtembelea mtoto baada ya kurudi, alinitazama kana kwamba nimemuuliza nani atalisha samaki wa ziwa Kivu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kwa upande wa ubakaji, njia ya huku imetengenezwa vizuri zaidi kuliko kwa vipigo na njaa. Hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, ilizoesha watu kwamba mganga, mwanasaikolojia na mwanasheria wanaweza kumpokea mtu mahali pamoja. Kila mama wa mtaani anajua zile saa 72 za kupata dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi. Sheria 06/019 ya mwaka 2006 inataka uchunguzi wa awali wa ubakaji uishe katika mwezi mmoja, na hukumu itoke katika miezi mitatu. Utekelezaji ni habari nyingine, lakini angalau mlango unajulikana. Mtoto anayepigwa kwa waya kila Jumamosi, anayenyimwa chakula kwa jina la mfungo, anayefungiwa chooni usiku, hana saa 72 zake. Mateso yake hayana siku ya tukio. Ofisi zetu zote zimejengwa kupokea tukio.

Na hata kwa ubakaji, ukisahau kuunganisha, unashindwa. Katika miaka hiyo hiyo niliyokuwa nikihangaika na msichana wangu, kule Kavumu, kaskazini ya Bukavu, watoto wadogo wa kike walikuwa wakichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao, wanabakwa, na kutupwa mashambani. Ilianza mwaka 2013 na iliendelea hadi 2016, na wadogo zaidi walikuwa hawajatimiza miaka miwili. Kila familia ilifungua shauri lake, kila shauri likawa faili lake, na faili moja moja ilionekana kama uhalifu wa mtu mmoja asiyejulikana. Waganga waliowatibu na mashirika ya raia ndio waliosema kwamba haya ni mambo ya kundi moja. Ni pale tu mashauri yalipokusanywa na kuchukuliwa na waendesha mashtaka wa kijeshi mwaka 2016 ndipo watu walipokamatwa, na tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliyokaa Kavumu yenyewe iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, akiwemo mbunge wa jimbo, Frederic Batumike. Ushahidi mwingi ulikuwapo tangu mapema. Uliokosekana ni mtu wa kuuweka juu ya meza moja.

Ndugu mmoja hapa ameandika kwamba haya ni ya nchi maskini na kwamba Ulaya yasingetokea. Asome habari za Victoria Climbié, mtoto wa Kodivaa aliyefariki London tarehe 25 Februari 2000 akiwa na miaka 8, umri wa mwanafunzi wangu. Alikutwa na majeraha 128. Alikuwa amepita katika idara nne za ustawi wa jamii, timu mbili za polisi za kulinda watoto na hospitali mbili. Daktari mmoja alisema ni upele. Uchunguzi wa Bwana Laming, uliotoka mwaka 2003, ulihesabu nafasi 12 za kumwokoa zilizopotea. Naye pia, shangazi wa baba yake alimpeleka kanisani wakasema ana pepo. Wale walikuwa na kompyuta, magari na mishahara. Upele wao na ajali yetu ya jikoni, mimi sioni tofauti.

Basi nirudi kwa wangu. Baada ya kurudishwa, nilinunua daftari la shule la kurasa 48, nikaandika kila nilichokumbuka tangu kikao cha shefu, na kuanzia hapo nikaandika kila siku niliyomwona: amekuja, hakuja, anachechemea, amekula mkate wangu wote, kidole cha kati hakinyooki. Sikuandika maoni. Aprili 2016 alikosa shule siku nne. Majirani walisema yuko chumba cha maombi. Tulimkuta huko mimi na wazee wawili wa Rekope, amefungwa miguu. Safari hii sikwenda kueleza. Nilipeleka daftari parke, na mwendesha mashtaka mwingine, mama mmoja aliyekuwa mgeni hapo, alilisoma lote nikiwa nimekaa mbele yake, ikamchukua karibu saa nzima, kisha akaagiza faili tatu zilizokuwa makabatini tofauti ziletwe mezani pake. Karibu miaka miwili ilikuwa imepita, na ndiyo siku ya kwanza karatasi za mtoto huyo zilikutana.

Mama wa kambo alihukumiwa. Mchungaji hakuitwa hata mara moja, na chumba chake kilihama mtaa tu. Mtoto alipelekwa kwa bibi yake Walungu, nako alikaa mpaka amekuwa mkubwa, kidole hakikunyooka. Februari 2025, mji wetu ulipokuwa ukichukuliwa na waasi wa M23 na wafungwa wa gereza kuu la Bukavu wakatoroka, alinipigia simu usiku akiuliza kama daftari bado ninalo. Ninalo.

Kwenu Lubumbashi tribinali na parke zinafanya kazi, kwa hiyo unaweza zaidi ya sisi wa leo. Usimpeleke huyo mtoto polisi mara ya tatu kama kwamba ni mara ya kwanza. Andika tarehe zote unazozikumbuka, hata za kukisia, na uandike kwamba ni za kukisia. Mwombe mwalimu wake aandike zake. Kwenye kituo cha afya, sema kwa mdomo wako kwamba unataka alama za zamani ziandikwe pamoja na kidonda cha leo. Hakimu wa watoto akitaka kumrudisha nyumbani, muulize mtumishi wa jamii jina la atakayekwenda kumwona na siku atakayokwenda, naye aliandike. Ukifika parke, kabla hawajakufungulia faili jipya, waombe namba ya RMP, yaani namba ya faili katika rejista ya parke, ya yale mawili ya kwanza, na usiondoke dirishani mpaka wayatafute.