Jibu: Je, anaweza kuchukua kompyuta na kuacha hesabu?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako anayependa kompyuta anaweza kuipa hesabu kisogo sekondari. Mimi nasema asithubutu. Shahada nyingi za sayansi ya kompyuta hudai ufaulu wa hesabu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kusomea kompyuta.

Mpe zoezi hili uone: atafute kigawo kikubwa cha shirika cha 252 na 105 kwa njia ya Euclid: gawanya kubwa kwa ndogo, kisha ndogo kwa baki, hadi baki iwe sifuri. 252 kwa 105, baki 42. 105 kwa 42, baki 21. 42 kwa 21, baki sifuri. Jibu ni 21.

Akishaifanya kwa kalamu, aiandike kwa Python (lugha ya kuandikia programu), a ikianza na 252 na b na 105. Mradi b si sifuri, a ichukue thamani ya b, na b ichukue baki ya a kwa b. Hapo ndipo wengi huteleza: zibadilike kwa mpigo. Akitanguliza a, thamani ya zamani inapotea, baki inakuwa sifuri papo hapo, na programu inamjibu 105 bila hata haya! Kulifukua kosa hilo mwenyewe, mstari kwa mstari, kunamfundisha kuliko video kumi.

Mada za kukazania ni seti, mantiki, matriksi na mifumo ya namba (kwa nini namba ya biti 8, yaani tarakimu nane za 0 au 1, huishia 255?). Kudurusu maana za maunzi (vifaa vya kompyuta) na programu kwa ajili ya mtihani ni kazi ya jioni mbili tatu.

Na kama hana kompyuta nyumbani, afuatilie programu kwenye karatasi: safu ya a, safu ya b.