Mwanangu anataka tupande mlima mpaka kwenye kibanda cha moto, nitaweza?

Swali: Mwangaluka mwandishi. Mi ni mama wa miaka 56, naishi Mabatini hapa Mwanza, huku juu kabisa kwenye mawe, nauza dagaa soko la Mwaloni. Mwanangu wa pili yuko Seattle, Marekani, na Julai naenda kumtembelea kwa mara ya kwanza. Keshaniambia wikendi ya pili tutapanda mlima unaitwa Mount Pilchuck, ati juu kileleni kuna kibanda cha zamani cha mtu aliyekuwa anaangalia moto na watu wengi sana wanaendaga. Kanitumia picha, nimeona ngazi na majabali na pembeni ni shimo tupu. Presha yangu iko sawa ila goti la kulia linauma nikishuka. Sitaki kumvunja moyo mwanangu na pia sitaki kwenda kuumia ugenini. Niende nisiende? Na huyo mtu wa moto alikuwa anafanya nini juu kule?
*Mama wa Mabatini*

Jibu: Mwangaluka mayo, na shikamoo. Nenda. Ila kabla hamjatoka nyumbani kwa mwanao kubalianeni saa ya kugeuka, saa ambayo ikifika mnarudi hata kama kibanda mnakiona kwa macho. Hilo ndo jambo langu kubwa na nitalirudia.

Kwanza nikutoe hofu ya urefu. Kilele cha Pilchuck kiko kama mita 1,620 juu ya usawa wa bahari. Inasikika nyingi, lakini ziwa letu lenyewe la Victoria liko mita 1,134, yaani ukiwa Mwaloni unapanga ndoo zako za dagaa miguu ikiwa mchangani tayari uko juu kuliko pale wanapopaki magari kuanza kupanda huo mlima, maana pale ni mita 900 na kitu. Kwaiyo kichwa kuuma, kukosa pumzi, kutapika, yale tunayosikia ya Kilimanjaro, hapo hayakuhusu. Mwendo ni kama kilomita 8.7 kwenda na kurudi, na unapanda mita 700 hivi kwenda juu. Mtu anayebeba ndoo ya maji toka bombani mpaka kwake Mabatini juu anapanda kila siku, tofauti ni kwamba huko unapanda mfululizo masaa mawili matatu bila jirani wa kukaribisha ukae kwenye benchi.

Shida ya Pilchuck ni chini ya miguu. Njia inaanza kwenye msitu wa miti mikubwa, mizizi imetambaa juu ya ardhi na inateleza, alafu miti inapungua unaingia kwenye mawe, na mawe ya kule sio kama yetu. Ya kwetu mengi yamekaa, yamelala, watoto wanaanikia nguo na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, juu yake. Ya kule kuna sehemu yamemwagika tu kama kokoto za lori ila kila moja ukubwa wa friji, mengine ukikanyaga yanacheza. Hapo ndo goti lako litasema. Kwaiyo mwambie mwanao akutafutie fimbo mbili za kutembelea, sio moja, mbili, na wakati wa kushuka zirefushwe kidogo ili uzito uende mikononi. Anza mazoezi sasa: panda na kushuka ngazi zenu za mawe mara tatu kwa mkupuo, siku tatu kwa wiki, na kushuka ushuke polepole kwa makusudi maana ndo kunajenga misuli inayoshika goti. Likivimba acha, nenda kalionyeshe kwa daktari kabla ya safari na sio baada.

Kingine theluji. Najua umesema Julai na Julai kule ni kiangazi, watu wanavaa kaptula mjini, lakini huko juu theluji inaweza kuwa bado imelala sehemu za kivulini mpaka Julai hiyo hiyo. Asubuhi ikiwa imeganda inateleza kama sabuni. Mwanao aulize hali ya njia wiki ileile mnayopanda, na kama kuna theluji mpaka karibu na kileleni ahirisheni mpaka mwisho wa mwezi, mlima hauhami.

Ntakuambia yaliyonikuta. Mi nimepanda hapo mara mbili, mara ya kwanza sikufika. Tulichelewa kutoka, barabara ya mwisho kupandisha kwenye maegesho ina mashimo gari linaenda kwa mguu, tukaanza kutembea saa saba mchana. Tulipofika kwenye majabali ukungu ukashuka, yaani dakika kumi tu nikawa simwoni mwenzangu aliye mbele hatua kumi na tano. Kwenye udongo njia inaonekana, kwenye mawe hamna njia, kuna mawe tu. Nikaona alama za viatu kwenye kipande cha theluji nikazifuata kwa imani kabisa, kumbe aliyepita naye alikuwa amepotea, zikatufikisha kwenye ukingo. Nilikaa chini nikashika jiwe kwa mikono miwili. Tulirudi kwa kufuata sauti za watu waliokuwa wanashuka. Tangu siku hiyo napanga saa ya kugeuka na naiandika mkononi kwa kalamu. Nyie anzeni kutembea saa moja asubuhi, na saa sita kamili popote mlipo geukeni. Mwambie mwanao mimi ndo nimesema, ili asione mama ndo kaogopa.

Ngazi uliyoiona kwenye picha ni ya mwishoni kabisa, kibanda kimejengwa juu ya rundo la majabali ya kilele na ili uingie unapita juu ya mawe hayo kwa mikono na miguu alafu unapanda ngazi ya mbao. Ni fupi. Acha fimbo chini, mwanao apite nyuma yako sio mbele, na usigeuke kutazama kule chini mpaka ushike mlango. Na ukiona roho inakataa, kaa kwenye jiwe la chini yake, utaona karibu yote wanayoyaona wao: Mount Baker upande wa kaskazini, Mount Rainier kusini wenye mita 4,392 umevaa barafu mwaka mzima, na magharibi maji ya bahari yaliyoingia ndani ya nchi na visiwa vyake, mi niliikumbuka Ukerewe papo hapo.

Sasa huyo mtu wa moto, hapa ndo napapenda. Agosti 1910 kwenye majimbo ya Idaho na Montana moto ulilipuka kwa upepo, siku mbili tu, tarehe 20 na 21, ukala msitu wa kama hekta milioni 1.2 na kuua watu zaidi ya 80. Baada ya hapo wakubwa wa misitu wakasema moto lazima uonekane ukiwa bado moshi mdogo, ndo vibanda vikajengwa kwenye vilele nchi nzima. Cha Pilchuck kilijengwa mwaka 1921. Mlinzi alikuwa anakaa humo msimu mzima wa kiangazi, vioo pande zote nne, kitanda, jiko, na katikati meza yenye kifaa kinaitwa Osborne Fire Finder, ni ramani ya duara yenye pete ya kuzungusha na tundu la kulenga kama bunduki. Akiona moshi analenga, anasoma digrii, anapiga simu. Chukua mfano wa kwetu: moshi umetokea Kirumba. Wa Capri Point analenga anachora mstari, wa Isamilo naye analenga anachora wake, pale mistari inapokatana ndo kwenye moto. Basi, hesabu yote ndo hiyo.

Na radi je? Sisi watu wa ziwa tunaijua radi, mvuvi wa usiku hahitaji kuelezwa. Mlinzi alikuwa anasimama kwenye kigoda chenye miguu iliyovalishwa vioo, vilevile vya kushikia nyaya kwenye nguzo za zamani, ili umeme usipite mwilini mwake kwenda chini, na bado anaendelea kuandika radi imepiga wapi maana ndo huko moto utaanzia kesho. Na usidhani ni wanaume tu mayo. Mwaka 1913 mwanamke anaitwa Hallie Daggett aliajiriwa kwenye kibanda kule California, mwanamke wa kwanza kuwa mlinzi wa moto kwenye idara yao ya misitu, wengine wakisema hatamaliza msimu. Alikaa zaidi ya miaka kumi.

Pilchuck sahivi haina mlinzi. Kibanda kilikuwa kimechakaa, wapanda milima wa kujitolea wa The Mountaineers, tawi la Everett, ndo wakakikarabati, na ndani wameweka picha ndefu zinazokuonyesha kila mlima unaouona unaitwaje.

Vya kubeba: maji lita mbili, jaketi la mvua hata kama jua linawaka, sweta, tochi, kofia, na chakula cha kushika tumbo. Matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, ni chakula kizuri kuliko biskuti zao, ila ukibeba kwenye begi toka huku lazima uyataje kwenye uwanja wa ndege wa Marekani, vyakula vyote vinatajwa, wakiyachukua usigombane nao. Viatu nunua hukuhuku uvizoee miguuni, mitumba ya Mlango Mmoja inatoa buti nzuri sana za mlimani, angalia soli iwe na meno na kidole gumba kisiguse mbele ukishuka.

Swali: Kaka, Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka na 2022 tena Oktoba. Mbona na sisi tusijenge hivyo vibanda?
*Kijana wa Igoma*

Jibu: Mdogo wangu, hata Wamarekani wenyewe walikuwa na maelfu na vingi wameviacha au kuvibomoa, kazi ikahamia kwenye ndege, kamera na setilaiti. Ila setilaiti inapita kwa saa zake na wingu likikaa katikati haioni, na Kilimanjaro ule mkanda wa wingu unaujua. Mi naona macho tunayo tayari: wapagazi na waongozaji wako juu kila siku ya mwaka, na 2020 ni watu wa kawaida na wanafunzi waliopanda kupiga moto kwa matawi. Kila kambi iwe na redio ya mawasiliano inayofanya kazi na mtu mmoja mwenye jukumu la kutazama kipindi cha ukame, hapo tumeshapata vibanda bila kupigilia msumari.

Swali: Sisi tusio na mtoto Marekani tupande wapi?
*Dada wa Nyegezi*

Jibu: Kisiwa cha Saanane dada. Boti inachukua dakika chache tu toka mjini, kisiwa kizima na maji yake ni kilomita za mraba 2.18 na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Kimebeba jina la mzee Saanane aliyekuwa akiishi pale kabla serikali haijapafanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Panda mawe ya juu na muongozaji, utakuta pimbi wamejianika na mjini kote kunaonekana. Nenda na boti ya kwanza asubuhi maana ikifika saa sita yale mawe yanachoma kama kikaango, na kama usiku ilinyesha subiri yakauke ndo uweke mguu.