Maswali yenu: Bingwa asiyeshinda mbio, na mengine ya langalanga ya madogo

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za Formula 3, zile mbio za magari za madogo wa langalanga ambazo mara nyingi zinapigwa wikiendi ileile na uwanja uleule na Formula 1, na meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea. Zinazofanana nimeziunganisha.

SWALI: Kaka mambo vipi. Nimesoma mahali eti bingwa wa Formula 3 wa 2024 hakushinda mbio hata moja msimu mzima. Sasa huyo ni bingwa wa nini? Mimi naona wamempa tu. (Msomaji, Tabata Segerea)

JIBU: Poa kaka. Ni kweli hakushinda, ila hakupewa na mtu, kachukua mwenyewe. Anaitwa Leonardo Fornaroli, Muitaliano, alikuwa timu ya Trident. Mbio 20, ushindi sifuri, kombe lake.

Hesabu yake iko hivi. Kila wikiendi wanapiga mbio mbili, Jumamosi ile fupi ambayo mshindi anapata pointi 10, halafu Jumapili mbio kuu ambayo mshindi anapata 25, wa pili 18, wa tatu 15, inashuka hivyo hadi wa kumi anaambulia 1. Gari uwanjani ni 30, zote za aina moja, na wanaoziendesha ni vijana wa miaka 17, 18, 19 ambao kila mmoja anaamini yeye ndio yeye, kwa hiyo kugongana ni jambo la kila wiki. Dogo A anashinda Jumapili anachukua 25, wikiendi inayofuata anang'ang'ania kona ya kwanza wanavaana anatoka na sifuri. Dogo B anamaliza wa tatu mara mbili, ana 30 zake mfukoni na gari halina mkwaruzo. Hata ligi yetu tunaijua, kuna timu inampiga mtu tano kwa Mkapa halafu inasafiri mikoani inarudi mikono mitupu, mwisho wa msimu inashangaa kombe limekwenda kwa wengine.

Fornaroli ndio alikuwa dogo B wa mwaka ule. Hata mbio ya mwisho kabisa pale Monza, Italia, kamaliza wa tatu. Watu wakasema kabahatisha, haya, 2025 kapanda Formula 2, ngazi iliyo kati ya hapo na Formula 1, na huko akashinda mbio na ubingwa juu, msimu wake wa kwanza tu. Mimi huyu kijana namheshimu sana na ningependa watu wanaofundisha madogo kuendesha, hata kwenye gokati, vile vigari vidogo vya mbio vya kuanzia, wamtumie kama mfano, kwa sababu kila mtu anafundisha mtoto kukimbia ila wachache wanamfundisha kumaliza.

SWALI: Bro nikitaka kuutafuta msimu mmoja tu niuangalie mwanzo mwisho ili nielewe hizi mbio, niangalie upi? (Msomaji, Sinza)

JIBU: 2020, bila kufikiria mara mbili. Corona ilisimamisha kila kitu, wakaja kuanza Julai pale Red Bull Ring, Austria, wakamaliza Septemba Mugello, Italia, yaani raundi 9 na mbio 18 zimebanwa kwenye miezi miwili na kitu. Hamna kupumzika, ukiharibu wiki hii wiki ijayo uko tena kwenye gari na hasira zako.

Mwangalie Oscar Piastri, Mwaustralia, ndio kwanza anaingia Formula 3, anashinda mbio ya kwanza kabisa ya msimu. Ukiona hivyo unasema huyu atawafagia wote, kumbe msimu mzima atashinda mbili tu. Anayemfukuza ni Logan Sargeant, Mmarekani, na wako timu moja, Prema, kwa hiyo hakuna kusingizia kwamba mwenzako ana mafundi bora. Nyuma yao anakuja Théo Pourchaire, Mfaransa, ametimiza miaka 17 katikati ya msimu, anapanda taratibu kila wiki hadi mwishoni watu wanashtuka kumbe naye yumo. Halafu kuna Liam Lawson wa New Zealand, huyo kashinda mbio 3, nyingi kuliko bingwa, na kamaliza wa tano.

Wanafika mbio ya mwisho Mugello, Piastri na Sargeant wana pointi 160 kwa 160. Sawasawa kabisa! Pourchaire ana 151. Mzunguko wa kwanza tu Sargeant anagongana na dereva wa timu nyingine, gari limekufa, msimu umeishia pale kwenye kokoto. Mtu anaweza kudhani Piastri sasa anatembea tu kwenda kuchukua kombe, hapana, yuko katikati ya msongamano na Pourchaire kule mbele yuko wa tatu, kila gari analopita Piastri lina maana na kila gari likimpita yeye lina maana zaidi. Kamaliza wa saba, kachukua pointi 4 (mgao wa pointi mwaka ule ulikuwa tofauti na huu wa sasa). Mwisho ikawa Piastri 164, Pourchaire 161, Sargeant 160. Mbio yenyewe kashinda Lawson, na siku ile sidhani kama kuna aliyekuwa anamwangalia.

Na raha ya kuuangalia sasa hivi ni kwamba unajua kilichofuata. Piastri kachukua Formula 2 mwaka uliofuata, leo yuko McLaren ya Formula 1. Sargeant kaingia Williams, nayo ya Formula 1, 2023, kaachwa katikati ya 2024. Lawson yule wa tano kafika Formula 1. Pourchaire kaja kuwa bingwa wa Formula 2 2023 na hajawahi kuanza mbio hata moja ya Formula 1, na hilo mpaka leo linaniuma, kijana alifanya kila alichoambiwa afanye.

SWALI: Kwanini Jumamosi aliyekuwa wa 12 kwenye mchujo ndio anaanza wa kwanza? Si uonevu huo kwa aliyekimbia vizuri? (Mwanafunzi, Kinondoni)

JIBU: Mdogo wangu, ile ni makusudi. Mchujo wa Ijumaa, ule wa kupanga nani anaanzia wapi, ukiisha, wale 12 wa juu wanageuzwa kwa ajili ya Jumamosi, wa 12 anakaa mbele na kinara wa mchujo anakwenda kukaa wa 12. Jumapili kila mtu anarudi pale alipofuzu kihalali, na kinara anapewa pointi 2 za ziada. Wanafanya vile ili yule mwenye kasi alazimike kupita watu, maana dogo anayeanza mbele kila siku hujui kama anaweza ku-ovateki au hajui. Na kwa kuwa mbio ya Jumamosi ina pointi ndogo, kinara haumii sana. Mimi naiona ni haki, na ukimtazama dogo anayeanza wa 12 Jumamosi akamaliza wa nne utakuwa umejifunza mengi kuhusu yeye kuliko akianza mbele akashinda.

SWALI: Mwanangu, mimi nimekua na Safari Rally, zamani zile zikipita mpaka huku kwetu. Gari lilikuwa linapimwa na dereva anapimwa. Hawa watoto wote wanaendesha gari moja, sasa ufundi uko wapi? (Mzee, Upanga)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wewe umeona vitu ambavyo sisi tunavisikia tu, ile Safari ilipoanza 1953 inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, halafu madereva kina Joginder Singh, siwezi kubishana na wewe kuhusu gari kupimwa.

Ila mzee, hawa kuwafanyia gari moja ndio kipimo chenyewe. Bodi ni ya Dallara kwa wote, injini ya Mecachrome V6 ya lita 3.4 kwa wote, nguvu farasi kama 380, tairi za Pirelli kwa wote. Timu haitengenezi gari, timu inalipanga: urefu wa gari kutoka chini, ugumu wa springi, pembe ya bawa, upepo wa tairi. Na muda wa kupanga hamna, mazoezi ni kikao kimoja cha dakika 45 Ijumaa halafu mchujo huo. Fundi anayemsikiliza dogo vizuri akisema "nyuma inateleza kona ya tatu" na akajua aguse nini ndani ya dakika kumi, huyo ndio anashinda. Ndio maana gari ni moja lakini majina ya timu yanajirudia, Prema walikuwa na bingwa 2019, 2020 na 2021, halafu Trident wakaja wakatoa bingwa 2023, 2024 na 2025. Ufundi upo mzee, umehamia kwenye masikio na spana.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, hana habari na mpira, ni hizi gari tu kutwa nzima. Baba yake anasema tumtafutie njia. Naogopa vitu viwili, hela na ajali. Niambie ukweli. (Mama wa watatu, Mbezi)

JIBU: Nzuri dada yangu. Nianze na ajali maana najua ndio inakukosesha usingizi.

Hizi mbio zinaua, mara chache sana kuliko zamani ila zinaua. Tarehe 31 Agosti 2019, pale Spa, Ubelgiji, Anthoine Hubert alifariki kwenye mbio ya Formula 2 akiwa na miaka 22, na mwenzake Juan Manuel Correa kaumia miguu vibaya mno, kapambana hospitali hadi akarudi kwenye gari 2021. Uwanja huohuo 2023 kwenye mvua alifariki Dilano van 't Hoff, miaka 18. Siwezi kukuficha hayo. Upande wa pili, kuna ile halo, chuma cha titani kinachozunguka juu ya kichwa cha dereva, ipo kwenye gari zote za Formula 3 tangu 2019. Septemba ya mwaka huohuo Monza, Alex Peroni alipanda tuta la pembeni ya kona gari likaruka hewani likajipindua, likatua juu ya uzio. Kavunjika mfupa wa mgongo, ila alitoka mwenyewe kwenye gari akitembea. Miaka ya nyuma ajali kama ile ingesimuliwa vingine.

Hela sasa. Gokati mtoto anaweza kuanza hata sasa hivi, ila ngazi ya kwanza ya gari zenye matairi nje ni Formula 4, na huko haruhusiwi kabla ya miaka 15. Msimu mmoja wa Formula 4 Ulaya ni mamia ya maelfu ya euro. Formula 3 inapita euro milioni moja, kwa shilingi zetu zaidi ya bilioni mbili, msimu mmoja, na mwakani unaanza upya kutafuta. Wazazi wa Esteban Ocon waliuza nyumba wakaishi kwenye karavani ili mtoto akimbie gokati. Baba yake Lewis Hamilton alikuwa anafanya kazi zaidi ya moja hadi McLaren walipomchukua kijana akiwa na miaka 13. Hao tunawajua kwa sababu walifika. Wazazi waliouza nyumba na mtoto asifike hakuna anayewahoji, na mimi naamini wako wengi. Usiuze kiwanja dada yangu, nakuomba.

Na hata akishinda, leseni ya Formula 1 inataka pointi 40 ndani ya miaka mitatu, bingwa wa Formula 3 anapata 30, kwa hiyo ubingwa huo peke yake hautoshi, na wengi wanapanda tena Formula 2 na bili yake.

Ningekuwa mimi ndio mjomba wake ningefanya hivi, ningempeleka gokati akacheze kwa raha wikiendi, ningehakikisha hesabu na fizikia havitelekezwi, na siku za likizo ningemtafutia gereji ya fundi mstaarabu akae aone injini inavyofunguliwa. Hapa Dar tuna NIT pale Mabibo wanafundisha uhandisi wa magari, tuna DIT, tuna VETA Chang'ombe. Kuna mashindano yanaitwa Formula Student, vijana wa vyuo wanabuni na kujenga wenyewe kagari kadogo ka langalanga halafu wanashindana, na watu wengi walioajiriwa na timu kubwa wamepitia huko. Kila gari kati ya zile 30 lina dereva mmoja na watu kibao nyuma yake. Mpeni mtoto mlango ule pia, asije akadhani usukani ndio mlango pekee.

SWALI: Wasichana hawaruhusiwi? (Msomaji wa kike, Mbagala)

JIBU: Wanaruhusiwa kote, Sophia Flörsch wa Ujerumani kakimbia Formula 3 na wanaume na kapata pointi. Tangu 2023 kuna pia mashindano ya wanawake watupu, F1 Academy, wanatumia gari za daraja la Formula 4. Mabingwa wa 2023 hadi 2025 ni Marta García, Abbi Pulling na Doriane Pin. Mwaka 2024 kila timu ya Formula 1 ilianza kumdhamini msichana humo, na hilo limebadilisha sana upatikanaji wa hela. Yaangalie dada, ni mazuri.

SWALI: Hizi mbio kwa saa za kwetu zinaanza saa ngapi? Kila nikiwasha naambiwa zimeisha. (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Unachelewa kwa sababu unasubiri muda wa Formula 1. Madogo wanatangulia. Zikiwa Ulaya kipindi cha joto, ukiondoa Uingereza, sisi tuko mbele yao saa moja, na ile mbio kuu ya Jumapili mara nyingi inaanza kati ya saa tatu na saa nne asubuhi kwa saa zetu, kwa hiyo kama unakwenda ibada nenda ya kwanza. Ratiba inabadilika kila raundi, iangalie Ijumaa jioni mchujo ukiisha.